Kiporo cha Jumatano

Kabla sijarudisha kadi ya mlango, Mudir, mkuu wa ofisi yetu, aliniomba niwaandikie wenzangu wadogo kurasa chache za uzoefu wangu. Nadhani alitaka nieleze namna ya kupanga mafaili. Mafaili yamepangika, Thureya, msaidizi wangu, anajua yalipo. Mimi nitaandika habari za masikio, kwa kuwa ndiyo niliyoajiriwa nayo, na habari za kosa langu la mwisho, ambalo hakuna aliyeniuliza na ambalo halinipi raha mpaka leo.

Kwa atakayesoma bila kutujua: kazi yetu ni kusikiliza redio za watu wengine na kuwaandikia wateja wetu wa Maskati kilichosemwa huko. Kitengo changu kilisikiliza Israel. Tuliandika namna magazeti yao yanavyoilaumu serikali yao, namna wanavyozilaumu redio za nje zinazowalaumu wao, na ule ubishi wao usiokwisha: watoke kwenye ardhi walizozikalia, au wapigane. Waraka wa kurasa mbili ulikuwa lazima utoke saa nne asubuhi. Saa nne na dakika tano simu zilikuwa zimeshaanza kulia.

Nilianza Ruwi, ghorofa ya pili, juu ya duka la masanduku ya safari. Nilichukuliwa kwa ajili ya Kiswahili changu cha nyumbani na Kiingereza cha skuli, nisikilize redio za Afrika Mashariki. Siku ya kwanza sikusikiliza Afrika Mashariki. Alinijia Maalim Nassor, mkuu wa kitengo cha Kiebrania, mtu mfupi wa Kiunguja aliyekuwa akivaa miwani mbili, moja usoni na moja kifuani. Alipelekwa Cairo kijanani kusomea sheria akarudi na Kiebrania, na kwao hawakumuuliza sana.

"Kaa, mwanangu. Karatasi weka chini," aliniambia, akanivisha hedifoni nzito zilizofungwa uzi ubavuni.

Alinifungulia kaseti. Watu walizungumza robo saa nzima kwa lugha ambayo sikujua hata salamu yake. Ilipokwisha akanivua hedifoni mwenyewe.

"Wangapi?"

"Wanne, Maalim."

"Mgonjwa nani?"

"Wa pili. Kifua chake kibovu."

"Muoga nani?"

"Huyo anayecheka."

"Basi?"

Nilisita. Nilikuwa na umri wa miaka ishirini na mbili na sikutaka kuonekana mjinga siku ya kwanza. "Kuna mwengine," nilisema. "Hasemi kitu. Anapumua tu."

Maalim aliivua miwani ya usoni akaifuta kwa ncha ya kanzu. Aliifuta muda mrefu. "Nilidhani nnamsikia peke yangu," akasema. Kisha akaniambia kuwa bila shaka ni fundi mitambo aliyekaa karibu na kipaza sauti, na kwamba kuanzia kesho nitakaa meza yake. Hivyo ndivyo nilivyoingia kitengo cha Kiebrania.

Lugha alinifundisha yeye, saa mbili kila mchana, baada ya waraka kutoka. Jirani mmoja alimwendea mama yangu kumwambia kuwa binti yake anasomeshwa lugha ya Mayahudi. Mama alikuwa akichambua mchele. "Lugha tu hiyo," alimjibu. "Shetani naye anajua Kiarabu, na bado tunakisema." Jirani hakurudi.

Vifaa vyetu vilikuwa vichache. Redio ya masafa mafupi, mashine ya kaseti yenye pedali ya mguu ya kurudisha nyuma, na kalamu tatu. Kwa wino wa buluu uliandika kilichosemwa. Kwa mwekundu uliandika nani kasema na wapi. Penseli ilikuwa ya yale usiyo na hakika nayo, na Maalim hakupenda waraka usiokuwa na penseli hata kidogo. Alisema mwandishi wake hakusikiliza, alikuwa anakubali tu. Mguu wangu wa kulia mpaka leo hukanyaga sakafu mtu akinipita kwa maneno ya haraka.

Wateja walitupigia simu kulalamika. Nakumbuka asubuhi moja mmoja aliuliza kwa nini tunaleta maneno ya Mwisraeli anayetaka wenzake watoke, maana wasomaji watadhani kule wote ni watu wema. Baada ya dakika kumi akapiga mwengine kuuliza kwa nini tunaleta maneno ya yule anayetaka vita, maana tunamtangaza. Maalim aliwajibu wote wawili neno moja: "Kasema." Akaweka simu. Kwetu sisi akasema, "Hatupo hapa kushangilia mpira. Chuki yako na huruma yako zache mlangoni pamoja na viatu." Mimi sikuziacha, na nadhani yeye pia hakuziacha. Wakati wa vita tuliandika huku machozi yakitutoka. Lakini hatukuongeza neno wala hatukupunguza.

Tulipohamia Al Khuwair tulipata dishi juu ya paa, na dirisha linalotazama barabara kuu na magari ya watu wa wizarani yaliyosimama foleni asubuhi. Huko ndiko tulikokutana na wale wawili. Kila Jumatano, saa tatu asubuhi kwa saa za kwetu, redio moja ya kule iliwaweka wachambuzi wawili meza moja kwa dakika ishirini. Mmoja alikuwa mwandishi wa magazeti, mtu mzima, aliyetaka wenzake waondoke kwenye ardhi za watu. Alikohoa kabla ya kila jibu: kikohozi kikavu, mara tatu. Tulimwita Kikohozi. Wa pili alikuwa askari mstaafu aliyetaka vita mpaka mwisho, na kila hoja yake aliipigia meza kwa kiganja. Huyo alikuwa Mpiga Meza. Majina yao halisi tuliyaandika kwa wino mwekundu kila wiki, lakini sisi wenyewe hatukuyatumia.

Watu hawa wawili nimekaa nao miaka mingi kuliko nilivyokaa na marehemu mume wangu. Nilijua Kikohozi alipoacha sigara na alipoirudia. Nilijua wiki ambayo Mpiga Meza alifiwa na mkewe, kwa kuwa meza ilikuwa kimya. Na nyuma yao, kila Jumatano, kulikuwa na ile pumzi. Redio ilikuwa nyingine, studio nyingine, na miaka ilikuwa imekwenda. Fundi mitambo yeyote angekuwa ameshastaafu. Sikumwambia mtu. Maalim alikuwa akinitazama tu kila inaposikika, kisha anarudi kwenye karatasi yake.

Mwaka wake wa mwisho, Maalim alianza kuandika mapema. Sikutambua mara moja. Niliona kalamu yake inakwenda, kisha nikasikia kwenye hedifoni sentensi aliyokwisha kuiandika. Nilidhani mimi ndiye ninayechelewa. Halafu asubuhi moja ya Jumanne mafundi walikata umeme wa jengo zima mpaka adhuhuri. Mashine zilikufa, tukakaa na joto letu. Maalim alivaa hedifoni zilizokuwa hazina umeme, akaandika waraka wa kurasa mbili, akaukunja, akautia mtotoni mwa meza. Siku ya pili yake, baada ya matangazo, aliufungua akanipa niusome. Hapakuwa na neno lililozidi wala lililopungua. Mpaka pale Kikohozi alipokatizwa, pameandikwa kakatizwa.

Niliogopa. Yeye alikuwa mtulivu. "Nimeacha kusikiliza, mwanangu," aliniambia. "Nnasema miye, wao wananifuatisha. Mtu akifika hapo aende nyumbani." Aliandika barua ya kustaafu siku ileile. Baadaye masikio yake yaliziba kabisa, na nilipokwenda kumwangalia nilimkuta amenenepa na ana furaha, anafuga njiwa.

Aliniachia kitengo na hakuna aliyeletwa kukaa kiti chake. Matangazo yalikuwa yanamalizika saa tatu na dakika ishirini, na waraka ulitakiwa saa nne ukiwa umeshatafsiriwa na kusahihishwa. Nilijaribu miezi minne. Mwezi wa tano nikabuni kile ambacho ofisini tulikiita kiporo. Jumanne mchana niliandika mapema muhtasari wa Jumatano: Kikohozi atasema watoke, kwa sababu hizi tatu, Mpiga Meza atasema wapigane, kwa sababu hizi tatu. Jumatano nilisikiliza huku karatasi iko mbele yangu, tayari kusahihisha. Mwanzoni nilisahihisha kidogo. Kisha nikawa nabadilisha jina la mahali tu. Mudir alisifu kasi yetu.

Umm Rami alikuja wakati huo kuwa mhariri wa Kiarabu. Mwenyeji wa Gaza, mumewe mhandisi aliyekuwa Maskati siku nyingi. Alirekebisha Kiarabu changu, ambacho yeye alisema kinanukia karafuu. Alijifunza kwetu maneno machache ya Kiswahili na kuyatumia apendavyo. Alikuwa akisema "pole" hata kwa mtu aliyejifungua salama. Tulipendana. Mara nyingi tulikula pamoja, na alijua bila kuuliza siku ambazo nimekasirika.

Ofisi ilipohama tena, safari hii kwenda Khuwair ya Kusini, nilikuwa napanga makasha ya kumbukumbu nikakuta waraka wa Ruwi, mwandiko wangu wa usichana. Wabishi walikuwa wengine, na mahali palipobishaniwa palikuwa kusini mwa Lebanon. Nikauweka karibu na kiporo cha wiki ile. Nilisoma mstari huu, nikasoma mstari ule. Sentensi zilikuwa zilezile, kwa mpangilio uleule, mpaka swali la mtangazaji. Nilicheka na nikamwita Umm Rami aje aone. Hakucheka. Aliweka kidole kwenye jina la mahali, la zamani na la sasa, ambalo ni la nchi yake, akaondoka kwenda kuosha mikono. Mimi niliyarudisha makaratasi kwenye kasha na sikulifungua tena lile kasha.

Kisha ikaja vita hii ya Gaza. Sitaieleza, mmeiona wenyewe. Nitaeleza habari ya mama yake Umm Rami, ambaye tulimwita Hajja.

Hajja alikuwa na zaidi ya miaka themanini. Jeshi lilipoingia mtaani kwao alihamishwa, lilipoondoka akarudi kwa miguu yake, akakuta katika vyumba vinne viwili vimebaki. Alikaa humo. Kila mtu alimwambia atoke, na kila mtu alimwambia jambo tofauti: redio moja ilisema jeshi linajitoa moja kwa moja, nyingine ilisema linajipanga kurudi. Hajja alikuwa na tabia moja. Hakuikubali habari isiyo na mwenyewe. Alikuwa akiuliza "Nani kasema?" na usipojua ulikuwa umejisumbua bure kumpigia.

Hapo Umm Rami akajiwekea kipimo chake. Alinieleza jikoni, akikoroga chai. "Majenerali siwaamini, na redio zetu siziamini," alisema kwa Kiarabu cha kwao. "Lakini yule mzee wako miaka yote anasema watoke, wanamtukana na anasema. Maadamu anasema, najua yupo wa kuwashika kanzu. Siku atakayogeuka yeye, ujue hakuna tena. Siku hiyo nitamtoa mama."

Nilimwambia kuwa Kikohozi ni mwandishi tu, hana siri za jeshi.

"Siri sizitaki," alisema. "Nataka unambie anasema nini."

Basi kila Jumatano saa nne na robo alisoma waraka wangu, akapata Kikohozi anasema watoke, akampigia mama yake simu na kumwambia akae.

Mwaka huohuo tukaletewa programu ya kompyuta inayogeuza sauti kuwa maandishi. Thureya ndiye aliyeifahamu. Mimi nilijifunza kwa shingo upande. Inafanya kazi nzuri, sitaisingizia. Ila inasafisha. Inaondoa kikohozi, inaondoa meza, inaondoa pumzi, inabakisha maneno. Wala haiandiki majina: inaandika Msemaji wa Kwanza na Msemaji wa Pili, kwa jinsi walivyotangulia. Kikohozi miaka yote alitangulia. Kwa hiyo Jumatano nilifungua maandishi safi, nikapitisha jicho: wa kwanza anasema watoke, wa pili anasema vita. Nikatia majina kwa wino mwekundu, nikatoa kiporo changu. Hedifoni zilining'inia kwenye msumari. Sijui niseme nini zaidi. Nilikuwa nimechoka, na vita ile ilinitosha kuisoma bila ya kuisikia.

Jumapili ya wiki yangu ya mwisho kazini nilitaka kuwaaga wale wawili. Nilimwomba Thureya anitolee sauti ghafi ya Jumatano iliyopita, isiyosafishwa.

"Ya nini, Bi Zuwena? Maandishi yapo."

"Nataka kumsikia babu akikohoa, mwanangu. Sitamsikia tena."

Alicheka, akanipa. Nilivaa hedifoni, nikafumba macho. Mtangazaji aliuliza swali lake. Kisha nikasikia meza, kiganja mara mbili, taratibu. Na sauti ya Mpiga Meza ikasema: tutoke, kila siku tunayokaa pale tunajichimbia wenyewe. Ilikuwa sentensi ya Kikohozi. Aliisikia miaka yote kutoka upande wa pili wa meza na sasa alikuwa ameivaa, kama watu waliobadilishana makoti mlangoni. Aliitaja kwa uchovu mpaka mwisho wake, na sababu zote tatu.

Kisha kikasikika kile kikohozi, kikavu, mara tatu. Na baada yake yakaja yale ya vita.

Niliirudisha nyuma mara tatu, nikidhani masikio yangu yameshaanza kuwa ya Maalim. Ilikuwa hivyohivyo. Ile pumzi ya nyuma ilikuwepo pia, na nilipata fikra ya kijinga kuwa maneno ni ya huyo asiyesema, na wale wawili anawagawia tu. Niliitoa fikra hiyo kichwani na kumwomba Thureya sauti ya wiki ya nyuma yake. Makoti yamebadilishwa. Nikaomba ya wiki ya tatu kwenda nyuma.

Huko nilimkuta. Mtangazaji siku hiyo alianza na Mpiga Meza, kwa adabu, kwa sababu Kikohozi alikuwa ametoka matangani, naye Mpiga Meza akasema watoke. Kikohozi alikohoa, akasema kuwa Jumatatu amemzika mjukuu wake, askari, miaka ishirini. Alisema miaka yote amewaambia watu watoke. Akalia, kilio cha mzee, kisichokuwa na sauti nyingi. Kisha akasema: "Sina tena huruma ya kugawa. Na waonje na wao."

Nilifungua maandishi ya programu ya siku ile. Mahali pa kilio palikuwa na nafasi tupu ya nusu mstari. Chini yake, mwandiko wangu mwekundu uliotia jina la Kikohozi kwenye maneno ya Mpiga Meza. Mtu nimemsikiliza nusu ya umri wangu, siku aliyolia sikuwepo. Niliona haya, haya ya kumwonea mtu aliye mbali ambaye hatajua. Halafu nikamkumbuka Hajja, nikainuka.

Umm Rami alikuwa jikoni. Nilifunga mlango.

"Nimekosea," nilimwambia. "Kikohozi amegeuka."

"Jumatano hii?"

"Wiki tatu sasa."

Alikiweka kikombe kwenye sinki bila kukiosha. "Na mimi wiki tatu namwambia mama akae," alisema. Hakunigombeza. Ningependa angenigombeza.

Simu ilishika mara ya nne. Aliiweka wazi ili tusikie sote. Sauti ya Hajja ilikuwa karibu mno, kama yuko nyuma ya mlango wa jikoni.

"Toka, Yumma, mama yangu. Leo."

"Nani kasema?"

"Yule mzee wao. Amegeuka."

"Nani kamsikia?"

"Bibi wa hapa kazini. Zuwena."

"Muulize. Kamsikia kwa sikio lake, au kasoma?"

Umm Rami alinigeuzia simu. "Kwa sikio langu, Hajja," nilisema. "Asubuhi hii." Lilikuwa neno la kweli, na sikumwambia habari za wiki tatu.

"Basi natoka," alisema Hajja, kwa utulivu, kama aliyeambiwa wali umeiva.

Alitoka kesho yake kwa gari la punda la jirani. Walimpeleka kwa wapwa zake, hemani, karibu na bahari. Jumatano nilisikiliza matangazo yangu ya mwisho tangu neno la kwanza hadi la mwisho, nikaandika masahihisho ya wiki tatu juu ya ukurasa wa kwanza na kutia jina langu chini yake. Hakuna mteja hata mmoja aliyepiga simu. Alhamisi nilikatiwa keki na nikapewa saa ya ukutani. Mudir alisema maneno mazuri.

Kule mvua ilinyesha siku tano. Hajja alishikwa na kifua, hakukuwa na dawa wala mahali pakavu pa kumlaza, na siku ya kumi na moja akafariki. Jeshi lilirudi kweli, mpaka mwisho wa mtaa wa jirani na kwao, kisha likasimama, likaondoka. Jirani aliwatumia picha. Nyumba imesimama. Vyumba viwili vipo, na kiti chake kipo mlangoni.

Nimelifikiria jambo hili kila siku tangu nistaafu, nanyi mlifikirie. Kiporo changu, pamoja na uongo wake, kingemwacha ndani ya nyumba. Ukweli ndio uliomtoa. Hata hivyo nawaambia msikilize, kila Jumatano, hedifoni masikioni, na kikohozi kisisafishwe. Sina sababu nzuri ya kuwapa. Ni kwamba yule ajuza aliuliza nani kamsikia, na ilibidi pawepo mtu wa kujibu.

Baada ya siku za matanga Umm Rami alikuja nyumbani kwangu, baada ya sala ya alasiri. Nilimkaribisha kwa kahawa na halua, tukakaa. Alikuwa amepungua.

"Nataka kumsikia," alisema. "Yule mzee. Siku aliyomzika mjukuu."

Matangazo yale yapo wazi kwenye tovuti ya redio yao, mtu yeyote anaweza kuyafungua. Niliyafungua kwenye simu na kuiweka baina yetu, karibu na sinia. Hajui Kiebrania hata neno. Alisikiliza kikohozi, akasikiliza maneno, akasikiliza kilio mpaka kikaisha.

"Nambie alivyosema. Usinipunguzie."

Nilimtafsiria kama nilivyofundishwa. Nilipofika kwenye "na waonje na wao" ulimi wangu uligoma, kwa kuwa hao anaowataka waonje ni watu kama Hajja. Umm Rami alingoja. Nikalitafsiri.

"Tena," alisema.

Nikalirudia. Akaniomba mara ya tatu, nikalirudia. Kisha akalisema yeye, kwa Kiarabu chake, taratibu, akizungusha kikombe mkononi: hana tena huruma ya kugawa, na waonje na wao. Sauti yake haikuwa ya hasira. Alilijaribu tena kwa sauti ya chini, na hilo ndilo lililonitisha.

"Hayo ni yake, Umm Rami," nilimwambia. "Sema yako."

Aliniangalia kama mtu niliyemuuliza jina lake.

"Yangu ni hayo," alisema. "Nimeyatafuta wiki nzima, na yeye alikuwa nayo."